Bomba Lililogoma

Jua lilipopanda juu ya bati la jikoni, fundi alikuwa amelala chini ya gari na kuinuka mara nyingi kiasi kwamba mgongo wa ovaroli yake ulikuwa na rangi ya ua wenyewe. Bomba la moshi lilikuwa palepale. Ukilishika lilitikisika kidogo, kama jino bovu, lakini ukilivuta lilikataa.

Gari lilikuwa la zamani, la milango minne. Kiti cha nyuma kilikwisha kung'olewa na mahali pake pakawekwa fimbo ya chuma ya kutundikia nguo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupeleka nguo za Mama Pasi kwa wateja. Mama Pasi alifua na kupiga pasi katika banda lililounganishwa na nyumba: mashuka ya nyumba ya wageni, vitambaa vya meza vya mkahawa, mashati ya watu wa ofisini, na mzigo mkubwa kuliko yote, makoti meupe ya zahanati. Mtaa mzima ulimwita hivyo na mwenyewe aliitika. Mumewe waliyemwita Mzee Taratibu alilipata jina hilo kwa uendeshaji wake. Alikuwa anakata kona kwa upole hadi waenda kwa miguu wanampita, asije akakunja kola ya mtu.

Asubuhi hiyo Mzee Taratibu alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa banda, mikono mapajani. Hakuna aliyemwambia akae pale. Hakuna pia aliyemwambia asogee.

Aliyekuwa akimsaidia fundi ni shemeji wa mzee, mdogo wake Mama Pasi, mtu wa mabega mapana aliyezoea kubeba mifuko ya saruji katika duka la vifaa vya ujenzi. Dukani alikwisha kuaga. Kuanzia Jumatatu ndiye angekuwa dereva wa nguo, na Alhamisi na Ijumaa alikwisha kuzunguka na gari kujifunza nyumba za wateja.

Zahanati ilikuwa imetoa masharti mawili. Gari lile lenye kunguruma kama mashine ya kusaga lisifike tena langoni, maana wagonjwa wanalala. Na yule aliyeleta makoti ya bucha asitumwe tena. Isipokuwa hivyo kufikia Jumatatu, watatafuta dobi mwingine. Matroni aliyasema hayo kwa upole, akiwa amemshika Mama Pasi mkono, na upole wenyewe ndio uliouma.

Habari ya makoti ilikuwa imezunguka mtaani kote. Mzee Taratibu alipeleka makoti ya zahanati kwa mwenye bucha na ya mwenye bucha zahanati. Yote ni meupe na yote hukunjwa namna moja, lakini ya bucha hayatakati kabisa hata uyachemshe, na daktari mmoja alivaa alilopewa bila kutazama akaingia kuona wagonjwa. Watu walicheka hadi kushika mbavu. Mwenye bucha alivaa koti la daktari nusu siku nzima, akawa anawauliza wateja wanaumwa wapi kabla ya kuwapimia nyama. Mama Pasi alishindwa kucheka, kwa kuwa alijua mengine ambayo mtaa haujayasikia. Mumewe alipata kuzunguka asubuhi nzima akarudi na mzigo uleule aliotoka nao, asijue kwa nini. Mumewe alikutwa mbele ya mkahawa, injini inaunguruma, amelalia usukani. Na mara moja, jikoni, mchana kweupe, mumewe alimwita yeye kwa jina la dada yake mwenyewe aliyefariki, kisha akasubiri aitikiwe.

Jumapili iliyotangulia binti yao aliyeolewa mtaa wa pili alikuja wakakaa kikao. Ikaamuliwa kwamba baba apumzike. Mama Pasi ndiye aliyenyoosha mkono kudai ufunguo. Mzee Taratibu aliutoa mfukoni akauweka mezani bila kuuliza kitu. Siku hiyo alikuwa mzima kabisa, tangu asubuhi akiwatania wajukuu, na hilo ndilo lililowafanya wote washindwe kumaliza chakula.

*

Fundi hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini bomba lilikuwa limemlazimisha kuongea peke yake. Mafuta ya kulainisha kutu alikwisha kuyanyunyiza tangu jana jioni. Nati moja ilifunguka, nyingine ikakatika, iliyobaki akaikata kwa msumeno. Raba zinazolining'iniza bomba alizipaka maji ya sabuni, Mama Pasi alimpa ndoo nzima, zikateleza zikatoka. Kilichobaki ni pale bomba la mbele linapoingia ndani ya bomba la sailensa. Hapo kutu ilikuwa imeyashikamanisha yakawa kitu kimoja.

Alikwenda kuazima mtungi wa gesi kwa mchomelea vyuma wa njia kuu. Aliporudi aliomba shuka kuukuu lililoloweshwa, akafunika tangi la petroli, akamwambia Mzee Taratibu asogeze kiti chake nyuma. Mzee akakisogeza. Fundi akaongeza kwamba asogee zaidi. Shemeji akaona vibaya, akaenda kumshika mkono kumwinua, kama anavyoinuliwa mgonjwa. Mzee Taratibu aliutazama mkono huo kwa muda, kisha akainuka mwenyewe.

Maungio yalipokuwa mekundu, fundi alizima moto akaingia chini upande wa mbele. Shemeji akaingia upande wa nyuma. Wote wawili walilishika bomba la sailensa, kila mmoja kwa koleo lake kubwa, la mbele likiwa bado limefungwa kwenye injini, nyayo za mmoja zikielekea barabarani na za mwingine zikielekea jikoni. Fundi akasema wazungushe kulia. Wakazungusha. Mishipa ya shingo iliwatoka, koleo likateleza, wakakamata tena. Fundi akasema kutu hii ina nguvu za binadamu. Shemeji akajibu kwamba hata yeye anaisikia, ukiivuta na yenyewe inakuvuta.

Mama Pasi alikuwa akipita na beseni la nguo. Alisimama, akainama kuwatazama, akaweka beseni chini.

"Mnakamua shuka," akasema.

Hawakumwelewa. Ikabidi awaeleze kwamba yeye na binti yake walipokuwa wakikamua shuka zito, kila mmoja alishika ncha yake, wametazamana, na kila mmoja alizungusha kwa mkono wake wa kulia. Ndivyo maji yalivyotoka, kwa sababu kulia kwa huyu ni kushoto kwa yule. Kisha fundi akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyejigonga kidole, akamwambia shemeji azungushe kushoto.

Maungio yakalia kama mlango wa zamani, yakaachana. Hata hivyo bomba halikutoka. Sasa lilizunguka, lilisogea mbele na nyuma, lakini wakilivuta kulileta nje lilikwama juu ya ekseli, ile nondo nene inayounganisha magurudumu ya nyuma. Walijaribu kulipindisha, wakajaribu kulisukuma. Fundi alipiga nyundo, na kila alipopiga gari lilitetemeka juu ya jeki na Mama Pasi akafumba macho.

"Lishusheni mguu," akasema Mzee Taratibu kutoka kwenye kiti chake.

Nyundo ikatulia. Fundi alitoa kichwa nje akamtazama mzee, kisha akamtazama shemeji, shemeji naye akamtazama dada yake. Mzee Taratibu aliinua mikono akataka kuonyesha jambo hewani, mkono mmoja juu ya mwingine, kisha mikono ikamchanganya, akaishusha. Mama Pasi alisikia uso ukimwaka moto. Alimwambia mumewe chai iko tayari, waingie ndani. Chai haikuwa tayari. Hata maji alikuwa hajayabandika.

*

Ndani, Mama Pasi aliwasha jiko akampa mumewe mgongo. Mzee Taratibu alikaa kwenye kiti chake cha siku zote, akisikiliza nyundo ikianza tena nje.

Alimwambia leo kichwa hakimuumi. Alisema ni siku ya tatu sasa tangu kiache, na kwamba labda walikuwa na haki, labda alihitaji kupumzika tu. Mama Pasi aliitikia kwamba ndiyo, mwili ukichoka na akili inachoka. Maneno hayo alikwisha kuyasema mara nyingi, kwa binti yake, kwa matroni, kwa mwenye bucha, na kila alipoyasema yaliyeyuka kidogo zaidi mdomoni.

"Niliposema mguu," mzee akasema, "mlinitazama kama nimevua nguo."

"Gari lina magurudumu, baba. Lina mguu gani?"

"Nililitafuta neno, nikalikosa." Alichukua kijiko, akakiweka juu ya kikombe, akakiinua kikombe, akakitazama kijiko kikipanda nacho. "Ukiinua hapa, na hiki kinapanda. Unaona?"

Mama Pasi aliona kijiko na kikombe. Alitikisa kichwa kukubali, vile mtu anavyomkubalia mtoto. Mzee Taratibu aliona kwamba amekubaliwa hivyo, akakiweka kikombe chini.

"Unaniogopa?" akauliza.

"Wewe sikuogopi."

"Lakini?"

Alimimina chai ikafurika kwenye kisosi. Aliogopa kumtuma dukani. Aliogopa kumwachia jiko likiwaka. Aliogopa asubuhi moja aamke, mtu huyu aliyelala pembeni yake miaka yote hii amsalimie kwa adabu kama mgeni. Badala ya yote hayo alisema sukari ni kidogo, itabidi anunue.

*

Nje, fundi alikuwa ameacha nyundo na kukalia kile kiti cha plastiki, anakula mkate na kulitazama gari kama mtu anayemtazama mdaiwa. Hakuwa anawaza kitu cha maana. Kisha akaona jeki. Alikuwa ameiweka chini ya ekseli yenyewe, kwa kuwa ndipo palipo pagumu, na kadiri alivyoinua ndivyo ekseli ilivyosogea juu kuelekea bodi na kulibana bomba katikati yao. Alijisemea neno ambalo si la kuandikwa. Akaleta magogo mawili, akayaweka chini ya bodi pande zote mbili, kisha akashusha jeki. Magurudumu ya nyuma na ekseli yake vikaning'inia chini polepole, nafasi ikafunguka, na shemeji akalivuta bomba kwa mkono mmoja.

Mama Pasi alitoka aliposikia kishindo cha chuma ardhini. Fundi alimweleza kilichokuwa kikibana. Alisema bodi ilibaki juu ya magogo, magurudumu yakashuka, basi. Mama Pasi alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Alifikiria kijiko na kikombe, akageuka kutazama ndani alikokuwa mumewe, akageuka tena kutazama gari, na hakujua afanye nini na alichokiona. Ikiwa lile la mguu lilikuwa neno la mtu mwenye akili timamu aliyekosa neno, basi ni maneno mangapi mengine ya mumewe amekwisha kuyatupa?

Fundi alilipindua bomba kwa ncha ya kiatu. Upande wa chini, ule unaoonekana ukichungulia, ulikuwa na kutu ya kawaida tu. Upande wa juu ulikuwa wazi. Tundu lilikuwa refu kama kiganja, na kuzunguka kingo zake palikuwa na mabaki ya kipande cha kopo la maziwa na waya uliounguzwa ukawa kama uzi.

Akauliza nani aliweka kopo. Mzee Taratibu, aliyekuwa amesimama sasa nyuma ya mkewe, alisema ni yeye, mwaka jana, mngurumo ulipoanza. Fundi alitikisa kichwa bila kumlaumu. Makopo alikwisha kuyaona mengi. Alifungua mlango wa dereva, akainua zulia la miguuni. Chini yake palikuwa peusi, weusi laini wa masizi, na bati la sakafu lilikuwa limeliwa na kutu. Alizunguka, akaingia chini ya gari, na wote watatu waliosogea kwenye mlango wa dereva wakaona vidole vyake vikichomoza ndani, pale ambapo dereva huweka visigino, vikicheza.

Alipotoka alijifuta mikono kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama anayeendesha huwa anafunga vioo.

Swali hilo liliulizwa kwa wote, lakini lilimfikia mmoja. Kila asubuhi, kabla gari halijatoka, Mama Pasi aligonga bodi kwa kiganja na kusema, "Vioo juu." Barabara yao ilikuwa ya vumbi na nguo zake zilikuwa nyeupe. Siku moja mumewe aliteremsha kioo nusu kwa sababu ya joto, koti la zahanati likapata mstari wa vumbi begani, na Mama Pasi alimsema mbele ya mteja. Baada ya hapo hakuwahi kuteremsha tena. Alirudi kila mchana shati limemganda mgongoni, vioo viko juu.

"Anafunga," akasema Mama Pasi. "Mimi ndiye niliyemwambia."

Fundi aliongea akitazama bomba, si watu. Alisema moshi wa gari ukiingia ndani vioo vimefungwa, unamlewesha mtu kidogo kidogo bila kujijua. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, mtu anasahau alikokuwa anakwenda. Hasa akisimama mahali na injini inawaka. Mzee Taratibu alisema kwa sauti ya chini kwamba kwa wateja hakuwa akizima injini, maana starta ni mbovu, akizima lazima aombe watu wamsukume, na anaona haya kuomba. Fundi akasema yeye si daktari. Anajua magari tu. Lakini alipata kumwona dereva wa lori aliyebebwa mikononi kwa jambo kama hilo.

Hapo shemeji, aliyekuwa akikuna sikio, akavuta pumzi.

"Dada, jana vitambaa vya mkahawa sikuvipeleka."

Alivipeleka wapi? Hakujua kwa hakika. Aliamini ameviacha nyumba ya wageni pamoja na mashuka. Alhamisi kichwa kilimuuma akadhani ni jua. Jana alifika njia panda akasahau kabisa anakwenda kushoto au kulia, akakaa pale watu wakimpigia honi. Alinyamaza kwa sababu kazi ndiyo kwanza anaianza, na dukani alikwisha kuaga. Alipanga kuvifuata leo kimyakimya. Alipomaliza kusema aliketi juu ya gogo, mikono yake mikubwa ikining'inia, kama mtu aliyeweka chini mfuko wa saruji na hajui kama atalipwa.

Mama Pasi alitaka kusema kitu kwa kila mmoja wao na hakujua aanze na nani. Kwa miezi wateja walikuwa wakilalamika kwamba nguo zinanuka moshi, na yeye akalaumu mkaa wa pasi, akabadili muuza mkaa, akagombana naye. Jumapili gari halikutoka, na Jumapili mumewe alikuwa mzima. Yote yalikuwa mbele ya macho yake. Aliinama akaokota kipande cha kopo, kikamvunjikia mkononi.

*

Jioni gari lilikuwa na bomba jingine, la kununuliwa kwa wauza vyuma chakavu lakini zima, na sakafu yake ilikuwa imechomelewa bati jipya. Fundi aliwasha injini, na ua ukasikia sauti nyembamba, ya kunong'ona, ambayo hakuna aliyeikumbuka. Binti alipopigiwa simu alilia, kisha akacheka, kisha akaanza kuhesabu: makoti yalikuwa moshi, kulala kwenye usukani ni moshi, ile miwani aliyowahi kuiweka kwenye jokofu ni moshi. Akataka aongee na baba. Akamwomba radhi. Jirani aliyechungulia juu ya ukuta naye akasema alijua tangu mwanzo mzee hana tatizo, ingawa wiki iliyopita alikuwa amesema mengine.

Kila mtu alikuwa na furaha ya haraka haraka, kama watu waliokuta nyumba haikuungua. Mzee Taratibu alitabasamu kila alipoguswa bega. Walipobaki wawili, Mama Pasi aliutoa ufunguo kwenye mfuko wa aproni akauweka mezani, mahali palepale mumewe alipouweka siku ya kikao.

Mzee hakuuchukua.

"Nilipokuita kwa jina la dada," akasema, "tulikuwa hapa jikoni."

"Ulikuwa umetoka kuendesha."

"Siku ile gari lilikuwa kwa fundi wa starta, yule aliyeshindwa kuitengeneza. Nilishinda nyumbani."

Mama Pasi alijaribu kuikumbuka siku ile. Alikumbuka jina, alikumbuka mwanga dirishani, lakini gari, kama lilikuwepo uani au halikuwepo, hakuweza kuliona. Alisema basi moshi wa siku zilizotangulia ulikuwa haujamtoka. Huenda unakaa mwilini. Fundi mwenyewe alisema hajui.

"Huenda," mzee akakubali. "Nyote mnajua sasa. Wiki iliyopita mlijua nimeharibika, leo mnajua ni gari. Mimi ndiye niliyekuwa ndani ya hiki kichwa na sijui lipi lilikuwa la bomba na lipi ni langu."

Shemeji alikuwa nje kwenye ngazi, anawasikia, anajifanya kufunga kamba za viatu. Kama ufunguo ungechukuliwa, Jumatatu angerudi dukani kuomba mifuko yake ya saruji. Usipochukuliwa, atakuwa dereva kwa sababu mume wa dada yake ni mgonjwa. Hakujua amwombe Mungu lipi, akafunga kamba ileile mara ya pili.

Mama Pasi aliuacha ufunguo mezani. Ulikaa pale Jumapili nzima, wakala chakula kuuzunguka.

*

Jumatatu asubuhi makoti ya zahanati yalitundikwa kwenye fimbo, kila moja limevishwa nailoni kutoka kola hadi pindo. Nailoni hizo, ambazo zingezuia vumbi siku zote hata vioo vikiwa chini, Mama Pasi alizinunua dukani kwa bei ya mkate, na alipokuwa akizifunga hakuweza kumtazama mtu yeyote usoni. Alimpa mdogo wake ufunguo. Alimwambia ni kwa leo, ya kesho watayazungumza, na kwamba vioo vyote vinne vikae chini. Shemeji aliteremsha hadi kile cha nyuma kilichokuwa kinagoma. Gari likatoka bila kelele, na mbwa wa jirani, aliyezoea kulibwekea, alichelewa.

Kisha Mama Pasi alivaa viatu vya kutokea akamwambia mumewe wanakwenda kumwona daktari. Kwa miguu. Mzee Taratibu hakuuliza kwa nini wasingepanda gari lililokuwa linakwenda hukohuko. Alielewa kwamba mkewe anataka kumtazama njiani, naye Mama Pasi alijua kwamba mumewe ameelewa, na walitoka langoni wakiwa na aibu kidogo, kila mmoja kwa ajili ya mwenzake.

Mama Pasi alimwachia atangulie. Alijiambia kwamba ni kwa sababu njia ni nyembamba. Kabla hawajafika kwenye duka la kona, mzee aliuliza kama amefunga mlango wa banda. Amefunga. Walipopita duka aliuliza tena. Moyo wa Mama Pasi ulishuka, kisha akakumbuka kwamba yeye mwenyewe huuliza swali hilo hata mara tatu, na hakuna aliyewahi kumwitia kikao. Mtu mmoja alimsalimia mzee kwa furaha, mzee akaitika kwa furaha, na walipoachana akakiri kwamba hamjui yule ni nani. Mama Pasi naye hakumjua. Hakuna kitu alichokiona njiani humo ambacho hakikuwa na maana mbili.

Wakafika pale njia inapogawana. Zahanati ilionekana juu, paa lake jekundu, na njia ya mkono wa kulia ilipanda moja kwa moja hadi langoni kwa ngazi za zege. Ndiyo waliyoipita maisha yao yote. Ya kushoto ilizunguka nyuma ya shule, ndefu, ya kupita magari.

Mzee Taratibu alisimama. Alitazama juu, akatazama pembeni. Mama Pasi alisimama hatua chache nyuma yake akabana pumzi. Aliapa moyoni kwamba hatasema kitu, hata asimame pale mpaka adhuhuri. Watoto wa shule waliwapita wakikimbia. Mzee alipangusa paji la uso kwa kiganja, kisha akashika njia ya kushoto.

Alimwacha aende. Alijitahidi kumwacha. Lakini alipoona mgongo wake unakaribia kupotea nyuma ya ukuta wa shule, alishindwa.

"Baba," akaita, sauti ikatoka nyembamba. "Zahanati ni huku."

Mumewe hakugeuka. Alipunguza tu mwendo.

"Najua iko wapi," akasema. "Huko kuna ngazi, na wewe unachechemea."

Mama Pasi alibaki amesimama pale njia zinapogawana. Goti lilikuwa likimuuma tangu Alhamisi, na hakuwa amemwambia mtu yeyote.